Mkasi wa Bandani

Mayai yalikuwa viza tena. Fundi, kama wateja wa cherehani yake walivyozoea kumwita, aliyapima moja moja kwa tochi ya simu, humo stoo, dirisha limezibwa kwa gunia, na kila yai aliloliinua mbele ya mwanga lilikuwa jeupe ndani, bila doa wala mshipa. La mwisho alilirudisha kwenye trei kwa nguvu, likapasuka, akasonya.

"Ni hiyo mashine yako," alimwambia mumewe aliyesimama mlangoni.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na mashine ya kutotolesha aliiunda mwenyewe kutoka kwenye friji iliyokufa ya mteja ambaye hakurudi kuichukua. Aliifungia balbu, feni ndogo na kipimajoto, na akajivunia kazi hiyo kuliko hata nyumba aliyomo.

"Mashine haina kosa," alisema. "Jirani aliniletea mayai ya bata hapa, yakatoka yote, hata lile lililokuwa na ufa."

"Basi inapenda bata."

"Mke wangu, hii ni trei ya tatu. Ungemtazama na huyo Meneja wako."

Hapo alikuwa amegusa pabaya. Meneja alikuwa hasemwi katika nyumba ile.

Meneja alikuwa jogoo. Wafugaji wa zamani wa kuku wakubwa huiita aina yake Magunia, na ukimwona huulizi kwa nini. Rangi yake ilikuwa kahawia iliyokolea, kifua kipana kama mto wa kochi, miguu imevaa manyoya mpaka vidoleni, na huku nyuma, chini ya mkia, manyoya laini yalimfumka mpaka mapaja yakafichika kabisa. Kumbeba kulihitaji mikono miwili na pumzi. Jina alipewa na mume wa Fundi, kwa kuwa kutwa nzima jogoo huyo alizunguka uani akikagua kazi za wenzake bila yeye mwenyewe kufanya yoyote. Fundi jina hilo hakulipenda, lakini lilikuwa limeshaganda.

Kuku hao walikuwa wa mama yake. Mama aliwafuga tangu Fundi hajazaliwa, katika ua mdogo wa nyumba hii hii ya mjini, siku zote matetea wachache na jogoo mmoja tu. Jogoo mmoja majirani walimvumilia, kwa kuwa mama aliwapoza kwa mayai. Wa pili wasingemkubali hata wangepewa na kuku mwenyewe. Wafugaji wengine wa Magunia waliacha mmoja mmoja wakahamia kuku wa biashara wanaokomaa upesi, wengine walifariki, na sasa chama cha wafugaji kilijua Magunia wa ua mmoja peke yake. Kisha mama naye akafariki, akaacha Meneja na matetea watatu. Meneja alikuwa amekula chumvi nyingi. Matetea walikuwa wanakaribia kupukutisha manyoya, na wakianza hapo hawatagi tena mpaka mwakani. Mwakani Meneja huenda asiwepo. Msimu huu ukipita bila vifaranga, kuku wa mama ndiyo basi tena.

Hilo lilimkosesha Fundi usingizi. Lakini alikuwa na jambo jingine moyoni, na hilo ndilo lililomfanya mkali kwa kila mtu: kombe.

Fundi aliondoka kwao angali msichana, akaenda kujifunza ushonaji katika mji mwingine, akaolewa huko huko, na hakurudi mpaka mama alipougua. Maonyesho ya kuku hakuwahi kuyahudhuria hata mara moja. Alichokijua yeye ni simu. Kila mwaka maonyesho yakiisha, mama alipiga. "Nimekuwa wa pili," alisema, au, "Safari hii wa tatu." Na kila mwaka Fundi alipandwa na hasira huku upande wa pili. "Wanakuonea, mama! Wanajua huna wa kukusemea!" Mama alicheka tu, akauliza habari za mjukuu. Kadi zote za wa pili na wa tatu alizibandika mwenyewe ukutani stoo, juu ya magunia ya pumba, na Fundi kila akiziona damu ilimchemka.

"Mwaka huu watanitambua," alimwambia mumewe siku alipomwandikisha Meneja. Alimwambia na binti yao, aliyekuwa muuguzi mbali na nyumbani, na binti akaapa kwamba kombe likija atalipiga picha na kulituma kwa kila anayemjua.

Jumamosi alikuja wifi yake, dada wa mumewe. Alikuwa na duka la vyakula vya mifugo na mdomo usio na breki. Alitua mfuko wa pumba mlangoni, akamkuta Fundi kwenye cherehani anapunguza nyuzi za gauni la bibi arusi kwa mkasi mdogo uliopinda ncha.

"Wifi, nasikia siku hizi mnatotolesha hewa."

"Kaka yako kashaanza kunitangaza?"

"Kaka yangu analia. Anasema mashine yake imevunjiwa heshima." Aliuchukua ule mkasi mezani, akaugeuzageuza. "Kazuri haka. Umekanunua wapi?"

"Sijanunua, nilikakuta bandani kananing'inia kwenye msumari. Mama alikasahau huko. Bawaba ilikuwa imejaa manyoya mpaka kakakwama. Nimekaosha kwa mafuta, sasa hakuna mkasi wangu unaokashinda kwa nyuzi."

Wifi aliurudisha, akatoka uani. Fundi aliendelea kushona. Baada ya muda alisikia kicheko, kisha kicheko kikazidi, kisha wifi yake akamwita kwa sauti ya mtu anayekaribia kudondoka.

"Njoo! Njoo utazame, wifi yangu, nitavunjika mbavu peke yangu!"

Fundi alitoka na futi ya kupimia bado shingoni. Meneja alikuwa anashuka mgongoni kwa tetea, ameinua kichwa kama aliyemaliza kazi kubwa.

"Umeona?" wifi alisema, anajifuta machozi. "Huyu bwana hana ugonjwa wowote. Nia anayo, nguvu anazo. Ila yeye kavaa mablanketi mawili huko nyuma, na mke wake kavaa mawili. Mtoto atapita wapi hapo?"

"Una maana gani?"

"Manyoya, wifi! Hawagusani. Wateja wangu wenye kuku wa manyoya mengi wote wanapunguza. Chini ya mkia, pale pale, mpaka ngozi ionekane. Jogoo na matetea. Kata, utaniambia."

Fundi alimtazama Meneja. Jua lilimwangukia huko nyuma, na lile furushi la manyoya liling'aa. Mwezi mzima alikuwa anamwosha kila wiki, mabeseni matatu, la sabuni, la maji safi na la maji yenye tone la siki, kisha anamkausha kwa mashine ya kukaushia nywele aliyoazima saluni ya jirani. Jogoo alishazoea mpaka akawa anafumba macho.

"Hayo ndiyo yanayompa ushindi," alisema. "Jaji anaanza kutazama umbo la nyuma. Yakikatwa hayaoti mpaka apukutishe, na maonyesho ni mwezi ujao."

"Basi mkate maonyesho yakiisha."

"Yakiisha, matetea watakuwa wameacha kutaga."

Wifi aliacha kucheka. "Kumbe unalijua hilo."

"Nalijua."

"Sasa unataka kombe, au unataka kuku?"

Fundi alijifanya anamtafuta tetea mmoja aliyejificha nyuma ya pipa. "Nitajaribu trei nyingine," alisema. "Labda yatashika."

"Hewa trei ya nne." Wifi aliokota mkoba wake. "Wewe kutwa unakata. Magauni ya arusi ya watu unayapiga mkasi hata jicho hulifumbi, halafu jogoo wako mwenyewe unamwogopa."

"Gauni likiharibika nanunua kitambaa kingine."

Wifi alitupia mkoba begani, akaenda zake.

Jaji alikuja siku chache baadaye. Ulikuwa utaratibu wa chama: kabla ya maonyesho, jaji hupita nyumba kwa nyumba, anamkagua kila kuku aliyeandikishwa kama ana afya, anamvisha pete ya mguuni ili mtu asije akabadilisha kuku njiani. Jaji huyu alikuwa mkaguzi wa nyama mstaafu, mrefu, na koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa jepesi. Hata wajukuu zake walimwita Jaji.

Fundi alikuwa amemwandalia maneno. Aliyatunza miaka mingi, tangu zile simu za mama, na asubuhi hiyo wakati anafagia banda aliyapanga upya ili atakapompa vidonge vyake vimwingie vizuri. Hakumkaribisha kiti.

Mzee hakuonekana kujali. Alimwinua Meneja kwa mkono mmoja chini ya kifua, miguu katikati ya vidole, na jogoo akatulia kama aliyekutana na mtu wa kwao. Alimfungua mabawa. Alimpapasa mfupa wa kifua. Alimtazama macho, upanga wa kichwani, kucha. Kisha alimgeuza, akamwangalia nyuma. Alimgeuza tena, akarudi kumwangalia nyuma.

"Huyu ni wa mama yako kweli?" aliuliza.

"Sasa awe wa nani?" Fundi alisema. Maneno yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Siulizi kwa ubaya, mwanangu. Ni kwamba miaka yote hiyo sijapata kumwona kuku wa mama yako akiwa mzima huku nyuma."

"Mzima kivipi?"

"Alikuwa anawaleta wamekatwa." Mzee alimweka Meneja chini taratibu. "Kila mwaka. Nyuma kumenyolewa, ngozi nje, kama mtu aliyetoka nyumbani kasahau suruali. Ukumbi mzima unacheka, na yeye anacheka nao. Nilikuwa namwambia, mama, mlete mzima mara moja tu, kombe ni lako. Kifua kile, miguu ile, nani wa kumfikia? Lakini kanuni hainiruhusu kumpa nafasi ya kwanza kuku asiye na manyoya kamili. Wa pili nilikuwa nampa kwa kumpendelea, kusema kweli."

"Yeye alikuwa anasemaje?"

"Anasema, 'Nikimleta mzima, mwakani utakagua nini?'"

Fundi alimtazama jogoo huko nyuma. Yale maneno yote aliyoyapanga asubuhi yalimwisha.

"Alikuwa anawakata kwa kitu gani?" aliuliza mwishowe, ingawa jibu alishalijua.

"Kimkasi. Kidogo, kimepinda ncha. Kilikuwa kinakaa hapo." Jaji alionyesha msumari kwenye nguzo ya banda. Msumari ulikuwepo bado, mtupu, umeliwa na kutu isipokuwa mahali palipozoea kuning'inia kitu.

Fundi alimkumbuka mama yake kwa uchungu ambao hata siku ya mazishi haukumpata. Siku ya mazishi kulikuwa na watu wa kupokea na vyombo vya kuosha. Sasa alisimama uani na kile kicheko cha simuni masikioni mwake, mwaka baada ya mwaka, na yeye upande wa pili anafoka.

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Hilo siwezi kuliamua, mwanangu. Mimi ni jaji wa kuku."

Aliinama akamvisha Meneja pete, akajinyoosha kwa shida, mkono kiunoni. Alipofika langoni alisita.

"Sitakiwi kusema hili," alisema, "lakini akija hivi alivyo, mwaka huu simwoni wa kumshinda."

Heri asingesema. Fundi alirudi kwenye cherehani, akakaa, hakushona. Kombe lilikuwa lake. Ameambiwa na mwenye kulitoa. Angeliweka kwenye rafu ile pale, na kila mteja akija kupimwa angelitazama na kuuliza, naye angejibu. Ni kitu alichokitaka kwa moyo wote, na kumwambia mtu kwamba hakukitaka tena kungekuwa uongo. Huko uani tetea mmoja alianza kutangaza kwamba ametaga. Fundi alimsikiliza mpaka akamaliza kelele zake. Yai jingine la hewa.

Mumewe alipoingia na mfuko wa vyombo begani, alimkuta amesimama mlangoni na ule mkasi mkononi.

"Mashine yako haina kosa," alimwambia. "Nimekusingizia. Sasa njoo unishikie Meneja."

Mumewe alitazama mkasi, akamtazama yeye. "Na kombe?"

"Shika kuku, baba, kabla moyo wangu haujageuka."

Alimshika, kichwa chini ya kwapa, mkia juu. Fundi alipitisha vidole kwenye yale manyoya kwanza, laini, ya joto, yaliyonukia sabuni ya mwezi mzima wa juhudi. Kisha akakata. Ilimshangaza jinsi ncha ile iliyopinda ilivyolifuata umbo la mwili, haichomi, haikwami. Wala haikuwa imetengenezwa kwa ajili ya nyuzi. Manyoya yalianguka juu ya gazeti, yakapeperuka uani, majirani wakayaona yanapita ukutani. Meneja alilalamika kwa sauti nene tangu mwanzo hadi mwisho. Baada yake wakawashika matetea, mmoja mmoja.

"Anafanana na mjomba wangu akitoka kuoga," mumewe alisema walipomwachia, na Fundi akacheka huku machozi yanamtoka, hajui ni ya kicheko au ya kombe.

Mkasi aliurudisha kwenye msumari.

Wiki iliyofuata aliyakusanya mayai yote, akayapanga kwenye mashine, na zilipopita siku za kutosha akaingia stoo na tochi. Yai la kwanza lilikuwa na mishipa. Myembamba, myekundu, imetawanyika kutoka kwenye doa jeusi, na doa lenyewe lilikuwa linatikisika. Alimwita mumewe, mumewe akaja mbio akidhani ni shoti ya umeme. Walisimama gizani wanapokezana yai moja.

Siku ya maonyesho mumewe alibaki nyumbani, kwa sababu mayai yalikuwa yameanza kugongwa kutoka ndani na mashine haikutaka kuachwa peke yake. Fundi alikwenda na wifi yake. Ukumbi ulikuwa wa chuo cha ufundi, vizimba vimepangwa juu ya meza za karakana, kila kimoja na namba. Kulikuwa na kuku weupe kama mashuka mapya, weusi wenye mng'ao wa kijani, jogoo wa madoadoa ambaye mwenyewe alikuwa anampuliza vumbi kwa brashi ya nguo. Meneja aliingia kwenye kizimba chake, akageuka kuchungulia chakula, na ukumbi ukamwona nyuma.

Walicheka. Kijana mmoja aliuliza kama kuku ameungua. Mama mmoja alimwonea huruma kwa sauti. Fundi alisikia uso unamwaka, akataka kumfunika kwa mtandio wake. Wifi akaingilia kati.

"Mnacheka nini?" alisema. "Huyu kaja kazini moja kwa moja kutoka kazini. Waume zenu wangeweza hivyo?"

Kicheko kikageuka kuwa kingine kabisa, na Fundi akajikuta naye yumo.

Jaji alipita na ubao wake wa kuandikia. Alimwinua Meneja, akamfungua mabawa, akampapasa kifua, akamgeuza. Huko nyuma alikaa kidogo. Alipomrudisha kizimbani alimgonga gonga kifuani kwa vidole viwili, kama mtu anayembishia hodi rafiki yake. Kombe lilichukuliwa na jogoo mweupe wa tarishi mstaafu, na Fundi alipiga makofi, ingawa kwa mkono mzito. Yeye alipewa kadi. Wa pili.

Alirudi nyumbani jioni. Hata kabla hajamshusha Meneja alisikia vilio kutoka stoo. Mumewe alikuwa amekaa kwenye ndoo mbele ya friji yake, mlango umefunguka ufa, na ndani vifaranga walikuwa wanajikwaa juu ya maganda, wengine bado wamelowa, wengine wamekwishakauka na kufumka, miguu yao midogo imevaa manyoya mpaka vidoleni.

"Kumi na mmoja," mumewe alisema kwa kunong'ona, kama yuko hospitali. "Na wawili bado wanagonga."

Fundi alichukua kipande cha gundi ya karatasi, akaibandika kadi yake ukutani mwishoni mwa safu ya zile za mama. Simu ikaita. Alikuwa binti yake.

"Mama! Nimekaa na simu mkononi tangu asubuhi. Haya niambie, umekuwa wa ngapi?"

"Wa pili."

Sauti ya binti ikapanda. "Wanakuonea, mama! Wanakuonea wazi wazi, kama walivyomfanyia bibi! Kwa sababu huna wa kukusemea pale!"

Fundi akacheka. Kilimtoka chenyewe, na alipokisikia alikitambua. Kilikuwa cha mama yake, vile vile. Neno lililofuata lilikuwa tayari mdomoni, la kuuliza kama binti amekula na kazini wanaendeleaje, na mazungumzo yangeishia hapo kama yalivyokuwa yanaishia siku zote. Alilimeza.

"Likizo yako lini?" aliuliza.

"Baada ya miezi miwili. Kwa nini? Na hizo kelele ni za nini?"

"Njoo nyumbani utaziona. Na ukija, vaa nguo za kazi. Nataka unishikie jogoo, nikuonyeshe bibi yako alivyokuwa anakata."